Moshi wa Sigara za Wateja na Afya ya Wafanyakazi wa Mgahawa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanawahusu wahudumu, wapishi, watu wa kaunta na wasafishaji. Wamiliki na mameneja nao wana maswali yao humu, hasa kuelekea mwisho.

Mimi sivuti. Moshi unaonifikia ni upi hasa?

Ni mchanganyiko wa moshi wa aina mbili: ule anaoupuliza mvutaji, na ule unaofuka kwenye ncha ya sigara ikiwa mkononi au imeegeshwa kwenye kisahani cha majivu. Huu wa pili ndio mwingi, takriban asilimia 85 ya moshi unaoelea ukumbini. Tena ndio mkali zaidi, kwa sababu tumbaku isiyovutwa huungua kwa joto la chini na hewa haba, na moshi wake haukupita kwenye kichujio wala kwenye mapafu ya mtu kabla ya kukufikia wewe. Ndani yake mna kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani: benzini, fomaldehaidi, na nitrosamini za tumbaku, kwa mfano.

Kwa hiyo kipisi kinachofuka chenyewe mezani ndicho cha kwanza kuzimwa na kuondolewa. Usisubiri sahani zikusanywe.

Mteja naye amekaa kwenye moshi huohuo. Kwa nini mnamtaja mfanyakazi?

Kwa sababu ya saa. Mteja hukaa saa moja au mbili, akaondoka. Mhudumu yuko humo saa 8 hadi 12, siku tano au sita kwa wiki, kwa miaka. Na wakati yuko humo hajatulia. Anatembea, anapanda ngazi, anabeba trei, kwa hiyo anapumua kwa nguvu na kuvuta hewa nyingi kuliko aliyekaa. Halafu kazi yenyewe inamtaka ainame juu ya meza, uso wake ukiwa karibu kabisa na sigara inayowaka. Mtu wa kaunta yuko vibaya zaidi: wavutaji humkalia mbele, mita moja tu, na yeye hana pa kusogea.

Moshi huu unaleta magonjwa gani?

Saratani ya mapafu na ugonjwa wa mishipa ya moyo ndiyo mawili yaliyothibitishwa kwa muda mrefu zaidi. Ripoti ya Daktari Mkuu wa Marekani ya mwaka 2006 ilikadiria kwamba asiyevuta, akiishi au kufanya kazi kwenye moshi wa wengine, hatari yake ya ugonjwa wa moyo hupanda kwa asilimia 25 hadi 30, na ya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 hadi 30. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi huu kwenye Kundi la 1, yaani vitu ambavyo hakuna shaka kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu. Kiharusi kimo pia kwenye orodha, na mwenye pumu hushikwa mara nyingi zaidi.

Watu wengi huogopa saratani na kuusahau moyo. Hilo ni kosa. Saratani huchukua miaka mingi kujitokeza, lakini mishipa ya damu huguswa siku hiyohiyo: dakika 30 tu ndani ya moshi zinatosha kuonyesha mabadiliko kwenye utando wa ndani wa mishipa, na chembe za kugandisha damu huanza kunata. Mwenye shinikizo la damu au aliyewahi kupata mshtuko wa moyo asipangiwe zamu kwenye ukumbi wa wavutaji hata siku moja.

Macho yananiwasha na koo linakauka nikiwa kazini, ila nyumbani niko sawa. Ndiyo dalili?

Ndiyo, na hiyo tofauti kati ya kazini na nyumbani ndiyo ya kuandika. Chukua daftari, uandike kwa majuma mawili: saa ya kuingia, saa ya kutoka, ulihudumia upande gani, dalili gani na zilianza saa ngapi, na siku za mapumziko ulijisikiaje. Kikohozi cha asubuhi, makohozi, kifua kubana, mafua yasiyoisha, yote yaandike. Daktari akiona dalili zinapanda siku za kazi na kushuka siku za mapumziko, hahitaji kubahatisha. Wahudumu wa baa wa San Francisco walichunguzwa kabla na baada ya sheria ya California iliyopiga marufuku uvutaji kwenye baa mwaka 1998. Ndani ya miezi michache tu, wengi waliokuwa na kikohozi na kukohoa makohozi walikuwa wamepona. Mwili haukawii ukipewa hewa safi.

Kuwa sawa nyumbani hakumaanishi huna tatizo. Kuzoea moshi hadi usisikie harufu yake ni kuzoea kwa pua tu.

Mwajiri ametenga eneo la wavutaji. Haitoshi?

Haitoshi, kwa sababu eneo hilo nalo lina mhudumu. Mpango huu unamlinda mteja asiyevuta, kidogo, na kumkusanyia mfanyakazi moshi wote mahali pamoja. Kama upande wa wavutaji umetenganishwa kwa pazia, maua au ukuta usiofika darini, hata yule mteja halindwi, maana moshi wa moto hupanda juu, hutanda chini ya dari, kisha hupoa na kushukia pande zote.

Chumba kilichofungwa kabisa, chenye mlango wake na feni inayotoa hewa nje, hupunguza moshi kwa wengine. Lakini kila mlango unapofunguliwa, anayetoka huburuta hewa ya chumba nyuma yake, na mhudumu huufungua mara nyingi kuliko mtu yeyote. Ikibidi chumba hicho kiwepo, basi kisihudumiwe: mteja avute, atoke, aje kula ukumbini. Usafi ufanywe baada ya hewa kutoka.

Tukiweka feni kubwa, kiyoyozi na mashine ya kusafisha hewa?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tupige hesabu.

Chukua ukumbi wa mita 10 kwa 8, dari mita 2.5. Ujazo wake ni mita za ujazo 200. Tuseme muda wote zinawaka sigara 3. Sigara moja huisha kwa kama dakika 10 na humwaga hewani takriban miligramu 10 za chembe ndogo, zile zinazoitwa PM2.5. Kwa saa moja ni sigara 18, miligramu 180. Sasa weka feni nzuri inayobadilisha hewa yote ya ukumbi mara 6 kwa saa, yaani mita za ujazo 1,200. Gawanya: unabaki na mikrogramu 150 kwa kila mita ya ujazo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka wastani wa saa 24 usizidi 15. Ili ukumbi ushuke hadi hapo wavutaji wakiwa bado ndani, itabidi hewa yote ibadilishwe mara 60 kwa saa, kila dakika mara moja. Kwa upepo huo hata tishu za mezani hazikai.

Na hizo ni chembe tu. Kemikali zinazosababisha saratani hazina kiwango salama cha kulenga, ndiyo maana chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, ASHRAE, kimesema waziwazi kwamba njia pekee ya kuiondoa hatari ndani ya jengo ni kutovuta humo.

Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakiingizi hewa mpya kabisa. Huivuta hewa ileile, huipoza, huirudisha. Ukumbi wenye kiyoyozi na madirisha yaliyofungwa ndio mbaya kuliko yote, ingawa ndio unaoonekana wa kisasa. Mashine ya kusafisha hewa yenye kichujio cha HEPA hukamata chembe, lakini gesi hupita. Kaboni hai, yaani mkaa maalumu wa kunasa gesi, hukamata baadhi ya gesi mpaka ijae, na kaboni monoksaidi haishikwi na vyote viwili. Mashine za ozoni ziache kabisa: ozoni yenyewe hudhuru mapafu.

Feni ina faida moja ya kweli, nayo ni baada ya sigara ya mwisho kuzimwa. Hewa ikibadilika mara 6 kwa saa, asilimia 95 ya moshi hutoka kwa nusu saa. Ikibadilika mara moja kwa saa, subiri saa 3. Msafishaji apangiwe kuingia kwa kufuata muda huo.

Hakuna anayevuta jikoni, mbona tunanusa sigara?

Feni ya kunyonya moshi juu ya jiko hutoa hewa nyingi sana nje, na hewa ya kujaza nafasi yake lazima itoke mahali. Isipopata njia yake, huvutwa kutoka ukumbini, kupitia mlango na dirisha la kupitishia chakula, ikibeba moshi wa wateja hadi kwa wapishi. Jaribu hivi: shika kipande chembamba cha tishu kwenye dirisha hilo feni ikiwa imewashwa. Kikiinamia jikoni, moshi unaelekea huko. Kuzima feni si suluhisho, kwa sababu moshi wa mafuta ya kukaangia nao una madhara yake. Fungua dirisha la nje la jikoni au weka tundu la kuingizia hewa upande usiokaribiana na wavutaji, na mlango wa ukumbini ujifunge wenyewe.

Je, wateja wakivutia nje, barazani?

Nje kabisa, penye upepo, moshi hupungua haraka ukisogea; mita mbili zinaleta tofauti kubwa. Ila "nje" nyingi si nje. Baraza lenye paa na turubai zilizoshushwa pande tatu hushika moshi karibu sawa na chumba. Kosa lingine la kila siku ni kuweka kisahani cha majivu kwenye mlango wa kuingilia: watu husimama hapo kuvuta, na kila mlango ukifunguka moshi unaingia. Kisogeze angalau mita 5, zaidi kama nafasi ipo, mbali na madirisha na mahali kiyoyozi au feni inapochukulia hewa. Meza za wavutaji nazo zipangiwe wahudumu kwa kupokezana, wala si mtu mmoja zamu nzima.

Na shisha? Si moshi wake umepita kwenye maji?

Maji huupoza moshi, hayausafishi. Isitoshe, shisha ina mvuke wa tumbaku na moshi wa makaa kwa pamoja, na kwa mfanyakazi makaa ndiyo hatari ya haraka. Hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Shisha isiyo na tumbaku haibadilishi hilo, maana makaa ni yaleyale.

Anayeumia zaidi ni anayewasha makaa. Mara nyingi huwekwa kwenye kijichumba nyuma, karibu na chombo cha moto, na pengine hutakiwa kuvuta mivuto ya kwanza ili kuhakikisha shisha "imeshika". Kazi hiyo ya kuonja ikomeshwe. Ipo pampu ndogo ya mkono ya kufanya hivyo. Makaa yawashwe nje, chini ya anga.

Kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu, hasa mkiwa wawili watatu mnaoumwa pamoja, ni ishara ya sumu hii. Tokeni nje mara moja, na anayechanganyikiwa au kuzimia apelekwe hospitali. Msidanganywe na kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni: hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksaidi, kitaonyesha mambo ni mazuri. Ukumbi wa shisha uwe na kipimo cha gesi hii kinachoonyesha namba. Kengele nyingi za nyumbani hazilii mpaka kiwango kiwe kikubwa na kikae muda mrefu, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa saa 8 ni miligramu 10 kwa mita ya ujazo, takriban sehemu 9 kwa milioni.

Sigara za kielektroniki?

Hazina moto, kwa hiyo hazitoi kaboni monoksaidi kwa wingi wa sigara, na uchafu wake hewani kwa jumla ni mdogo zaidi. Lakini ule si mvuke wa maji. Una nikotini, chembe ndogo mno na kemikali za ladha. Ziingizwe kwenye marufuku ileile. Vinginevyo mhudumu atashinda akibishana na kila meza kuhusu kilichomo mkononi mwa mteja.

Nivae barakoa?

Ya kitambaa au ya upasuaji haisaidii kitu. Ya N95 iliyobana vizuri huzuia chembe, lakini gesi zinapita, na hakuna anayeweza kuivaa saa 10 huku akiongea na wateja. Itumie kwa kazi fupi, kama kusafisha chumba cha wavutaji.

Mimi mwenyewe navuta. Moshi wa wateja unanihusu?

Unakuhusu. Unajumlishwa juu ya unaouvuta, na kufanya kazi ndani ya harufu ya sigara huwafanya wengi washindwe kuacha. Asikuambie mtu kwamba kwa kuwa unavuta huna haki ya kulalamika.

Nina mimba. Nifanye nini?

Omba kuhamishwa mapema, usingoje tumbo lionekane. Moshi wa wengine unahusishwa na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo na kuzaliwa kabla ya wakati, na kaboni monoksaidi hupunguza oksijeni inayomfikia. Mwambie mkunga au daktari kwenye ziara ya kwanza ya kliniki kwamba unafanya kazi kwenye moshi, umwombe barua kwa mwajiri. Barua iseme kinachotakiwa: "asipangiwe ukumbi wenye wavutaji wala kazi ya makaa". Ikisema tu "apewe kazi nyepesi", utakalishwa kaunta, kwenye moshi uleule.

Nitathibitishaje kwamba moshi ni mwingi?

Kuna njia tatu, na kila moja ina mtego wake.

Ya kwanza ni kifaa kidogo cha kupima PM2.5. Kiweke kwenye kimo cha pua, mita 1 hadi 1.5, mbali na jiko na pasipo na kisahani cha majivu jirani. Pima nje dakika 5, ndani angalau dakika 30, kisha nje tena dakika 5. Kila baada ya dakika 15 hesabu watu waliomo na sigara zinazowaka, na uandike milango ipi iko wazi. Bila hesabu ya sigara, mwajiri atasema ni moshi wa nyama, na hutakuwa na jibu, kwa kuwa kifaa hakijui tofauti. Vifaa vya bei nafuu pia hukosea kiasi kwenye moshi wa tumbaku. Vitumie kulinganisha saa na saa, ukumbi na ukumbi, usishikilie namba moja kama hukumu.

Ya pili ni beji ya nikotini, kichujio kidogo kilichotiwa kemikali, kinachovaliwa zamu nzima au kutundikwa kwa wiki kisha kupelekwa maabara. Nikotini hewani haitoki kwenye nyama wala mafuta, kwa hiyo hoja ya jiko inaisha hapo.

Ya tatu ni kotinini, kitu ambacho mwili hukitengeneza kutokana na nikotini, kinachopimwa kwenye mate, mkojo au damu. Nikotini yenyewe hupungua nusu kwa kama saa 2, lakini kotinini huchukua saa 16 hadi 20, kwa hiyo huonyesha siku mbili tatu zilizopita. Toa sampuli ukitoka mapumziko, kabla ya zamu, na nyingine mwisho wa wiki ya kazi. Kipimo hiki hakina maana kwa anayevuta, anayetumia gamu au bandiko la nikotini, au anayeishi na mvutaji.

Nimwambieje mwajiri bila kufukuzwa?

Usiende peke yako kama kuna wenzako, na msianze na lawama. Pelekeni karatasi moja: siku, saa, dalili, vipimo kama vipo, na ombi moja linalotekelezeka, kwa mfano ukumbi wa ndani usivutwe kabisa kuanzia tarehe fulani. Bakini na nakala. Kagueni kwanza sheria ya nchi yenu, maana huenda jambo mnaloliomba tayari ni sheria: nchi zilizoridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005, zinabanwa na Ibara ya 8 kuwalinda watu na moshi ndani ya sehemu za kazi. Mgahawa ni sehemu ya kazi. Chama cha wafanyakazi, kama kipo, kipewe nakala kabla ya kikao.

Mimi ni mmiliki. Nikikataza, wateja watahama?

Hofu hiyo ilitangulia kila sheria ya aina hii. Ireland ilipokuwa nchi ya kwanza kukataza uvutaji katika sehemu zote za kazi za ndani, tarehe 29 Machi 2004, ilitabiriwa kwamba baa zingekufa. Tafiti zinazotumia takwimu za mauzo na kodi, badala ya makisio ya wenye biashara, kwa kawaida hazioni mauzo ya migahawa yakishuka. Anayevuta hutoka nje dakika tano akarudi. Asiyevuta, aliyekuwa akikuhepa, anaanza kuja.

Kinachoharibu ni utekelezaji wa nusu nusu. Utaratibu unaofanya kazi ni huu:

1. Tangaza tarehe wiki mbili kabla, kwa wafanyakazi kwanza.
2. Siku hiyo ondoa visahani vyote vya majivu. Kisahani mezani ni mwaliko, hata ukutani pakiandikwa nini.
3. Bango liwe mlangoni, kimo cha macho, na jingine chooni.
4. Wape wahudumu sentensi moja: "Samahani, humu ndani hatuvuti. Nje kuna nafasi, na meza yako nitakutunzia."
5. Mteja akikataa, mhudumu asibishane. Amwite meneja, meza hiyo isihudumiwe mpaka sigara izimwe.
6. Usiwaruhusu marafiki zako, wala wewe mwenyewe usiku baada ya kufunga. Wafanyakazi wanaosafisha wako humo.

Hatua ya 5 ndiyo inayokwama. Mhudumu anayetegemea bakshishi hatamkatalia mteja mkubwa kama anajua meneja hatamtetea.

Kuna mfanyakazi aliyewahi kulipwa fidia?

Ndiyo. Heather Crowe alikuwa mhudumu Ottawa, Kanada, kwa zaidi ya miaka 40, na hakuwahi kuvuta. Mwaka 2002 aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu, na bodi ya fidia ya wafanyakazi ya Ontario ikalikubali dai lake kwamba ilitokana na moshi wa kazini. Alifariki mwaka 2006. Dai la namna hii husimama juu ya kumbukumbu: barua za ajira, ratiba za zamu, majina ya wenzako wa wakati ule, na rekodi za kliniki zinazotaja kazi yako. Anza kuzihifadhi ukiwa mzima.

Nguo zangu zinanuka moshi, na nina mtoto mchanga nyumbani.

Badilisha nguo kazini, zifunge kwenye mfuko, nawa mikono na uso, na ukifika oga kabla ya kumbeba. Nywele nazo hushika moshi. Mabaki hayo ni kemikali zilezile zikiwa zimegandamana, na mtoto hutia kila kitu mdomoni.

Tumeacha uvutaji ndani miezi sasa, bado ukumbi unanuka. Kwa nini?

Nikotini na lami vimenata kwenye kuta, dari, mapazia na ndani ya kiyoyozi, na joto likipanda vinarudi hewani. Manukato hayasaidii. Osha kuta na dari kwa maji ya moto yenye sabuni, ukianzia chini kwenda juu ili michirizi ya kahawia isikauke ukutani, kisha suuza. Tupa mapazia na zulia visivyofulika. Fundi afungue kiyoyozi asafishe koili na kubadilisha kichujio. Rangi mpya ije mwisho, juu ya rangi ya msingi ya kuzuia madoa. Ukipaka rangi ya maji moja kwa moja, madoa ya njano yatajitokeza tena.